Tulivyokwenda Mahurunga Kuuchora Msolo wa Mama

Dada yangu Somoe hatoki kitandani. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, na tangu hapo dunia yake ni godoro, neti na ukuta wa chumba chake hapa Magomeni, Mtwara mjini. Nyumba yake na yangu zinatazamana, katikati kuna ua mmoja wa mchanga. Kila asubuhi nakwenda kumfagilia, namwogesha, namnywesha uji, kisha namsimulia ya mtaani. Yeye hunikatiza, anadai nazitia habari chumvi. Ni kweli nazitia, kwa sababu habari za mtaa wetu bila chumvi hazilambiki.

Asubuhi moja ya kipupwe alimaliza uji akasema, "Nataka kuuona msolo wa mama."

Nikamjibu kwamba msolo uko palepale Mahurunga, haujaota miguu.

"Sikukuuliza habari zake. Za kwako zimenishibisha. Nimesema nataka kuuona. Ukuta huu nimeumaliza."

Niliinama nikajifanya natafuta kijiko. Dada yangu si mtu wa kuomba. Tangu utoto wetu yeye ni wa kuamuru. Ukimsikia anaomba, ujue ameutazama mwisho wake akaona uko karibu.

Kwa asiyeujua, msolo ni mti wa porini, si wa kutisha kwa ukubwa, na huku kwetu kusini ndio mti ambao wazee waliweka unga chini yake wakiwa na haja: mtu anasafiri, mtu anaumwa, mtoto anakwenda jandoni. Wa ukoo wetu uko Mahurunga, jirani na mto Ruvuma. Mama ndiye alikuwa mtunzaji wake, maana kwetu mambo ya ukoo hufuata tumbo la mwanamke. Alipofariki, mimi na Somoe tulikwisha kuolewa mjini, basi ukapokewa na Hadija, binti wa mama yetu mdogo. Wapo watakaosema unga na Uislamu havikai chungu kimoja. Mimi nasali, nafunga, na mama alisali mpaka goti likaota sugu. Zaidi ya hapo nisiulizwe.

Nilimpigia Hadija simu nikamwomba mtu aupige mti picha atutumie. Alikataa kabla sijamaliza sentensi. "Msolo haupigwi picha. Ukitaka kuuona, njia unaijua."

Njia naijua. Lakini Somoe ndiye asiyeweza kubebwa kwenye barabara ile. Nilikuwa naikuna shida hiyo kichwani uani, ndipo Sharifa, mjukuu wangu, aliyekuwa anaosha masufuria, akasema bila kuinua uso, "Mimi naweza kwenda kuuchora."

Sharifa ni binti wa mwanangu wa pili. Alimaliza kidato cha nne, sasa anachora mabango: wanawake wenye nywele za kusuka kwenye kuta za saluni, kuku na viazi kwenye vibanda vya chipsi. Hiyo ndiyo kazi ya kumlisha. Kazi anayoipenda haimlishi. Siku akipumzika hubeba karatasi na penseli akaenda porini, akakaa chini kama mtu aliyefiwa, akachora mti mmoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Sijui amekitoa wapi kipaji hicho. Ukoo wetu wote una mikono ya jembe. Lakini nitasema wazi, maana nikinyamaza nitapasuka: mjukuu wangu anajua kuchora, na asiyeamini aje nimwonyeshe.

Tukaingia kwa Somoe kumweleza. Alimgeukia msichana.

"Utauchora ulivyo? Nisije nikaletewa mti wa saluni, shingo kama twiga."

"Ulivyo, Bibi Mkubwa. Nachora ninachokiona."

"Mimi nimekulia chini yake. Ukidanganya nitajua. Na msichelewe."

Nilimkabidhi Somoe kwa jirani yetu, na alfajiri tuliondoka, mimi na kapu la unga wa mtama, sukari na sabuni, Sharifa na mfuko wake wa vifaa mgongoni na ubao mwembamba kwapani. Barabara kubwa ilikuwa imeshikwa na malori ya makaa ya mawe yanayoteremka bandarini, vumbi lao jeusi limekaa mpaka kwenye majani ya miarobaini. Tulipanda gari la Kilambo, lile linalopeleka watu kwenye kivuko cha kwenda Msumbiji. Aliyekaa ubavuni pangu alikuwa mama mmoja mwenye furushi la vitenge, wazee wake walitoka ng'ambo. Akauliza tunakwenda kuvuka?

"Hatuvuki. Tunakwenda kuchora mti."

Alinitazama kuona kama nina akili. "Mama, miti imejaa hapo dirishani."

"Hiyo si ya kwetu," nikamwambia.

Akafikiri kidogo, akasogeza furushi lake ili ubao wa Sharifa usipindwe.

Lami ilipotuacha, harufu ya salfa ikaingia garini. Ni majira yake, mikorosho inatoa maua na wakulima wanaipulizia, basi pande zote mbili za njia mashamba yamepauka kama watu waliojipaka poda. Sharifa alibandika uso mzima kiooni. Nilimuuliza anatazama nini, akaniambia kivuli cha mkorosho uliopuliziwa si cheusi, ni cha buluu. Nimeishi na mikorosho tangu sijaota meno. Nikatazama. Ni cha buluu kweli. Nikakasirika kidogo, kama mtu aliyeambiwa habari ya nyumba yake na mpita njia.

Kwenye njia panda ya Mahurunga tulishuka tukachukua pikipiki mbili. Mimi nilikaa upande, kama mwanamke anavyostahili kukaa, na kijana akanisihi nikae mguu huku mguu huku. Nikamwambia nimezaa watoto saba nikiwa na heshima zangu, sitazivua leo kwa ajili ya pikipiki yake. Alikwenda polepole kama anabeba mayai. Sharifa alinipita akicheka, ameukumbatia ubao.

Adhuhuri tulifika kwa Hadija. Nyumba yake iko mwinukoni, chini yake ni bonde la mpunga, na baada ya bonde ndio mto, unauona kwa mbali umelala kama nguo iliyoanikwa. Usiku viboko hutoka mtoni kuja kula mpunga, basi kila shamba lina kibanda cha kulindia. Tulisalimiana salamu ndefu za kwetu, tukaulizana wazima na wafu, tukala ugali wa muhogo na kisamvu. Mume wa Hadija, Bakari, alikuwa anasuka wigo. Kwao ni ng'ambo ya mto na mdomo wake hauna mpaka.

"Shemeji," akaniambia, "mjini miti imekwisha mpaka mje kuazima yetu?"

"Miti ipo, shemeji. Tumekosa watu wavivu wa kukaa chini yake, ndiyo tumekufuata."

Baada ya chakula Hadija alinawa mikono, akaleta kapu dogo la ukindu. "Simu zenu wekeni humu."

Tukaweka. Alilitundika kapu jikoni, juu ya moshi, akakaa.

"Msinione mkali," akasema. "Walikuja watu wana adabu zao, wananiita mama. Wakapiga picha mninga, wakapiga picha mpingo, wakasema wanapenda misitu. Haukupita muda likaja trekta na misumeno. Sisi wanawake tukakaa kikao: kwenye msolo, simu haifiki. Sasa mnaniambia huyu mtoto anataka kuuchora. Si kitu kimoja hicho?"

Hapo nikawaza nyumbani. Nilimwona Somoe amelala na ukuta wake.

Sharifa akajibu, sauti ndogo. "Mama, mimi nikichora inabidi nikae. Leo nitatazama tu. Kesho asubuhi nitachora, na keshokutwa asubuhi nimalize, kwa sababu jua la mchana linahamisha vivuli."

"Siku zote hizo mti mmoja?"

"Ndiyo."

Hadija akanigeukia mimi. "Mwizi hana muda wa kukaa hivyo," akasema, akanyanyuka kutafuta kanga yake.

Alasiri alitupeleka. Unapita mihogo, unapita mikorosho ya zamani, halafu msitu unaanza ghafla, na baridi inakushika shingoni kama umeingia nyumba ya udongo. Ndege wenye midomo mikubwa walikuwa wanagombana juu. Hadija mbele, mimi nyuma, na kila hatua nilikuwa nawatafuta watu waliokwisha kufa. Kisha tukafika.

Msolo ulikuwa umesimama kwenye uwanja wake mdogo, gome limepasuka vipande vidogo kama ngozi ya kisigino changu, majani yameanza kugeuka, mengine manjano, mengine mekundu. Ila upande wa mtoni ulikuwa kipara. Lile tawi kubwa lililoinama mpaka tukalishika, lile tulilobembea mimi na Somoe tukiwa watoto, halikuwepo. Kulikuwa na kovu tu, pana kama sinia.

"Masika," Hadija akasema. "Upepo wa usiku mmoja. Tuliliburuta pale kichakani lioze lenyewe. Halichomwi."

Aliweka unga chini ya shina, akawataja mama zetu kwa majina, akamtaja Sharifa, akasema ni mtoto wa hapa na amekuja kwa haja ya mgonjwa. Mimi sikuwa nasikia vizuri. Nilikuwa nawaza namna ya kumwambia Somoe kuhusu tawi. Sharifa alikuwa ameshakaa chini, jicho moja amelifumba.

Asubuhi yake kazi ikaanza. Ninawaeleza nilichokiona, maana hata mimi nilidhani kuchora ni kupiga mistari. Kwanza alikaa tu. Kisha akanyoosha mkono na penseli wima, jicho moja kalifumba, kama mtu anayelenga njiwa kwa manati. Anapima, akasema: shina linaingia mara ngapi katika urefu wote. Halafu akaanza kuchora, na hakuanza na mti. Alichora mianya ya mwanga iliyo baina ya matawi.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, ndivyo tunavyotaniana, "umetumwa mti, unachora hewa?"

"Mianya nikiipata sawasawa, Bibi, matawi yatakuja yenyewe. Na tafadhali umekaa mbele ya shina."

"Mimi si wa shina hili?"

"Ni wa shina hili. Sogea."

Nikasogea. Hadija alikuwa anasuka ukili pembeni, akacheka mpaka akapoteza mkunjo. Siafu walitutafuta, inzi wakatutafuta, Sharifa hakujua. Kidole chake cha shahada kiligeuka cheusi kwa kusugua vivuli. Alifika chini ya mti akachora kilichokuwepo: majani yaliyoanguka, moja juu ya jingine, vijiti, matunda makavu ya msolo yaliyopasuka, mpaka tundu la mdudu. Jani moja lilimchukua muda wa kumenya muhogo mzima. Jua liliposogea akaweka penseli.

Jioni aliniletea karatasi jikoni nitazame kwenye mwanga wa moto. Mti ulikuwa mti, Mungu ni shahidi. Ungeweza kuuparua gome. Lakini upande wa mtoni alikuwa amelichora kovu, na pembeni ya kovu hakuna kitu, karatasi nyeupe.

"Hapa utaweka tawi," nikasema.

"Tawi halipo, Bibi."

"Lilikuwepo. Nitakuelekeza lilivyokaa, lilitoka hivi, likapinda hivi."

"Sijaliona."

"Mimi nimeliona. Nimelikalia kwa makalio haya haya. Unataka nimpelekee dada yangu mti kilema, na yeye mwenyewe alivyo?"

Hadija aliacha kuchochea moto. Sharifa aliikunja midomo kama anavyofanya mama yake. "Bibi Mkubwa alisema ulivyo. Nikiweka tawi moja la uongo, na yale ya kweli hatayaamini."

Nikamwambia mtoto wa siku hizi hana huruma, nikaenda kulala na hasira zangu. Na hasira ya pili nilikuwa sijaisema. Mchoro ule ulikuwa na takataka. Majani tele, vijiti tele, pale ambapo mama hakuwahi kuruhusu jani moja kulala. Somoe angesema Hadija ameacha kwa mama kuwe jalala, na mimi nimekaa kutwa nzima natazama jalala hilo.

Alfajiri iliyofuata niliamka kabla ya wote. Baada ya swala nilichukua ufagio wa vijiti wa Hadija, nikaenda msituni peke yangu. Nikafagia. Nilifagia kama mtu aliyechelewa harusi. Majani yote, vijiti vyote, matunda yote, nikayabeba kwa kapu nikayamwaga kichakani, unga tu nikauacha. Jua lilipopenya, uwanja ulikuwa safi kama sahani iliyorambwa. Nikakaa kumsubiri mjukuu wangu anishukuru.

Alikuja na ubao wake. Akakaa palepale pa jana. Akatazama karatasi, akatazama chini, akatazama karatasi.

"Bibi, majani yako wapi?"

"Nimefagia."

Machozi yakamjaa machoni, akaangalia pembeni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nusu ya chini ya mchoro, kazi ya asubuhi nzima, sikuifagia ardhini tu, nimeifagia na karatasini. Nikajitetea haraka, kama wanavyojitetea wakosaji wote. "Lakini si uliyaona jana? Yaache kama yalivyo kwenye karatasi, umalizie hayo mengine."

"Jana ulitaka nichore tawi ambalo halipo," akasema polepole, "leo unataka nichore majani ambayo hayapo. Bibi, unataka nimpelekee Bibi Mkubwa mti gani?"

Mimi, ambaye nina jibu la kila mtu, nikaenda kichakani, nikajaza kapu majani yaleyale, nikarudi nikayamwaga chini ya msolo, nikayatandaza kwa mikono miwili ili yakae vizuri. Nilipoinuka, Sharifa alikuwa anayatazama, midomo inamtetemeka. Nikadhani analia. Kumbe anazuia kicheko.

"Bibi, umeyatandaza kama unaanika mihogo. Majani hayaanguki hivyo."

"Yanaangukaje?"

"Sijui. Yenyewe."

Tukacheka mpaka nikashika shina nisianguke. Na nilipokuwa nimelishika nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimekusudia kumwambia: kwamba naogopa. Kwamba Somoe akiona tawi limeanguka atasema, "Sawa, na mimi nafuata." Yeye akiondoka hapatabaki mtu duniani wa kuniamuru. Sharifa alifuta mikono kwenye gauni lake akanishika. Vidole vyake viliacha alama nyeusi kwenye kanga yangu, na mpaka leo sijaifua sawasawa.

"Fagia tena," akasema. "Nichore kilichopo leo."

Nikafagia tena, safari hii naye ananitazama. Nilipofika mwisho nikataka kurudi kuchukua kapu.

"Simama hapohapo. Usikanyage."

Jua lilikuwa bado chini, linapita kwa ubavu katikati ya miti, na ufagio ulikuwa umeacha mistari juu ya udongo, mikunjo mikunjo. Mimi naona mistari ya ufagio kila siku ya Mungu, sikuwahi kuiona. Sharifa alitoa kifutio akafuta majani yake ya jana. Alifuta yote, jani baada ya jani, na mimi nilisikia kila moja. Kisha akachora mistari ile, mmoja mmoja, kila mmoja na kivuli chake chembamba. Miguu yangu ilikufa ganzi kwa kusimama, lakini sikuthubutu hata kukohoa. Jua lilipopanda mistari ikapotea ardhini. Kwenye karatasi ilikuwa imekwisha kukaa.

Hadija alipokuja akauchukua ubao, akautazama mchoro kwa mbali, akautazama kwa karibu. Akachota unga kidogo kwa ncha za vidole akampaka Sharifa kwenye paji la uso. "Ukitaka kurudi, rudi," akasema. Jikoni alitushushia simu zetu, zinanuka moshi kama dagaa.

Siku ya kurudi Bakari alitusindikiza njiani na mkungu wa ndizi. "Shemeji," akasema, "mwambie Somoe mti hauna shida, kilichochakaa ni wewe." Nikamwambia angalau mimi sikuvuka mto kwa kufuata mke. Tuliachana vizuri. Mchoro ulikaa kati ya maboksi mawili, ukafungwa kwa kanga yangu nzuri, na Sharifa aliukumbatia njia nzima ya vumbi, na mimi garini nikamkumbatia yeye. Sikutazama mikorosho. Nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia kwanza habari za Hadija, halafu ndizi, halafu taratibu nitaingia kwenye tawi.

Alasiri tuliingia kwa Somoe na vumbi letu mwilini. Hakutaka habari za Hadija wala ndizi. "Uko wapi?" ndiyo salamu yake. Tukamwinua, tukamwekea mito, Sharifa akaushika mchoro mbele yake kwa mikono miwili.

Aliutazama. Kuku walilia nje, mtu akapita na redio, yeye hakuuondolea macho. Mimi maneno yangu yote ya garini yalikuwa yameniruka.

"Tawi la mtoni limeanguka," akasema.

"Masika," nikajibu. "Upepo."

"Hadija kalichoma?"

"Hakulichoma. Lipo kichakani."

"Vizuri." Akanyanyua mkono wake mzima, wa kushoto, akagusa karatasi penye kovu, akaacha kidole hapo muda. Nilimtazama Sharifa. Alikuwa amefumba macho. Kisha kidole cha Somoe kikashuka kwenye shina, kikafika chini, kikaanza kufuata mistari ya ufagio, mkunjo mmoja, mkunjo mwingine.

"Nani aliyefagia?"

"Mimi."

"Kwa kuambiwa?"

"Kwa ujinga wangu."

"Umefagia kama mama."

Nikamwambia kila mtu anafagia hivyo, ufagio ni ufagio. Akatikisa kichwa, na kichwa chake siku hizi kinatikisika kwa shida. "Hadija anavuta kwake. Mimi nilikuwa nafagia kwenda na kurudi, mama akanigombeza mpaka akachoka. Mama alianzia shinani, anarudi kinyumenyume anazunguka, mkono mmoja mgongoni, mpaka mti unakaa katikati ya mawimbi. Tazama."

Nikatazama. Mama yangu alikuwa pale. Sura yake nilikwisha kuipoteza, na picha hakuwahi kupigwa. Lakini mkono wake ulikuwa pale umechorwa na mtoto ambaye hakumwona, kwa sababu mtoto huyo alichora alichokiona. Na mkono huo ni huu wangu.

"Hukunifundisha wewe wala mama," nikasema.

"Ulikuwa mdogo, unamfuata nyuma na kijiti. Nilidhani unacheza."

Machozi yalimtoka jicho la kushoto. La kulia hutoa machozi lenyewe bila sababu, kwa hiyo hilo silitaji.

"Kila siku unanifagilia," akasema, "na mimi nausikia ufagio tu. Nimegeuziwa ukuta."

Jirani zangu wananiuliza safari ile ilinifundisha nini, maana nimeisimulia mpaka kwenye foleni ya maji. Nawaambia nilikwenda kumsimamia mtoto, mtoto akanionyesha kivuli cha buluu. Nawaambia kutazama ni kazi, inachosha kuliko kupalilia, na watu wengi tunakufa hatujaifanya hata asubuhi moja. Halafu naingia ndani nikawaletee mchoro wauone, na ole wake atakayeushika na mikono ya mafuta.

Kitanda cha Somoe tulikigeuza jioni ileile, mimi, Sharifa na vijana wawili wa mtaani. Sasa uso wake umeelekea dirishani. Asubuhi nafagia ua wake kuanzia kwenye mpapai, narudi kinyumenyume nikizunguka, mkono mgongoni. Nikimaliza naegemeza ufagio, nasimama kando, nawazuia kuku kwa mguu, mpaka anaponiambia kwamba ametosheka kutazama.